Nyoka Ana Nafasi Nne

Wajukuu zangu, wazee wenzangu wakiwaona mmeinamia simu hunung'unika kwamba mnapoteza wakati. Mimi nilikaa nanyi barazani, nikauliza, mkanieleza mambo ya huyo nyoka wenu hatua kwa hatua. Nikaona aliyemtunga hakuwa na akili za kitoto hata kidogo. Basi leo nitamtumia yeye kuwapa nasaha, maana mtaielewa upesi zaidi kuliko nikianza na habari za ujana wangu.

Nyoka mwenyewe anaitwa Ekans. Ni wa rangi ya zambarau, ana njuga mkiani, hutambaa kimyakimya na kumeza mayai ya ndege mazima mazima. Yumo katika gemu ya Pokémon, iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy ya Nintendo, kazi ya Satoshi Tajiri na wenzake wa Game Freak. Viumbe wa toleo lile walikuwa 151, naye ni wa 23. Akifika leveli ya 22 hugeuka akawa Arbok, swila mkubwa mwenye kifua kipana chenye alama za kutisha watu. Yote hayo ni mapambo. Kilichonivutia ni sheria moja: awe mdogo au mkubwa, hawezi kubeba mbinu za kupigana zaidi ya nne kwa wakati mmoja. Mbinu anazoweza kujifunza ni nyingi, ila nafasi ni nne tu.

Shikeni hapo, kwa sababu nanyi mko hivyo hivyo. Ya kujifunza hayatawaisha hadi mnaingia kaburini. Kitakachowabana ni nafasi.

Tumtazame anavyokua katika toleo lile la kwanza. Anaanza na mbili: Wrap, yaani kumviringa adui na kumbana, na Leer, kumkodolea macho mpaka ulinzi wake ulegee. Leveli ya 10 anapata Poison Sting, mchomo wa sumu. Leveli ya 17 anajua kung'ata, ndiyo Bite. Nafasi zimejaa. Kisha leveli ya 24, kama amezuiwa asigeuke Arbok, inakuja Glare, lile jicho la kupoozesha, na hapo gemu inasimama. Inakwambia Ekans anataka kujifunza Glare, lakini hawezi kujua zaidi ya mbinu nne. Je, ufute ya zamani?

Nimewaona mnavyofanya hapo. Mmoja anabofya upesi arudi vitani, mbinu mpya inampita. Mwingine anafuta ya juu kabisa kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kidole. Wote wawili wameamua bila kujua kwamba wameamua. Nasaha yangu ya kwanza ni hii: ukiulizwa swali la kufuta, simama, soma, ndipo ubonyeze. Katika toleo lile hapakuwa na mtu wa kumkumbusha nyoka alichosahau. Miaka ya baadaye, katika matoleo ya Ruby na Sapphire ya mwaka 2002, aliwekwa mtu wa kurudisha mbinu zilizosahaulika, naye hataki pesa, anataka gamba adimu liitwalo Heart Scale. Hata huko kwenye michezo, kurudia ulichokiacha kuna gharama yake.

Ya pili: msichague kwa kutazama ukubwa wa namba. Mtoto akiona mbinu imeandikwa nguvu 100 macho humtoka. Akiona haina namba kabisa, huiita takataka. Glare haina namba. Haimtoi adui hata tone la uhai, na katika toleo la kwanza ilikuwa ikikosa mara moja kati ya nne. Lakini ilipompata, kasi yake ilishuka hadi robo, na kila zamu kulikuwa na uwezekano wa moja kwa nne kwamba atashindwa hata kuinua mkono. Wrap nayo ina nguvu 15, namba ya kuchekesha. Ila katika gemu ile ya 1996, aliyebanwa hakuweza kushambulia kwa zamu mbili hadi tano. Nyoka dhaifu alimweka jitu kifungoni huku akimla polepole. Wajukuu zangu, kusikiliza hakuna namba. Kufika kwa wakati hakuna namba. Kujua kusema "sijui, nifundishe" hakuandikwi kwenye cheti chochote, na ndiko kulikowapandisha watu wengi ninaowajua.

Ya tatu: msishike vitu viwili vya kazi moja. Leveli ya 31 Ekans anajifunza Screech, ukelele unaoshusha ulinzi wa adui kwa ngazi mbili. Leer, ile ya utotoni, hushusha ngazi moja. Leer haikosi kirahisi kama Screech, hilo ni kweli, lakini kuzibeba zote mbili ni kula nafasi mbili kwa kazi moja. Iacheni Leer iende. Imewafikisha hapo, ishukuruni, iende. Nawajua vijana wanaong'ang'ania jambo kwa sababu tu walilianza zamani: kozi isiyowafaa tena, kikundi cha marafiki ambacho hata wao wenyewe kinawachosha. Kilichokufaa ukiwa leveli ya kwanza hakina haki ya kukaa nawe hadi leveli ya mia.

Ya nne inahusu kwenu na ugenini. Pigo la aina yako mwenyewe, kama sumu kwa Ekans, huongezewa nusu ya nguvu yake. Nyoka wa sumu akirusha tindikali, ile Acid yenye nguvu 40, inahesabiwa 60. Huo ni urithi wake, na asiuonee haya. Lakini mpelekeni mbele ya kiumbe wa mwamba. Jiwe halidhuriki sana na sumu. Zile 60 zinakatwa katikati, zinabaki 30. Hapo nyoka anayejua sumu peke yake atahangaika mpaka aanguke. Sasa nyoka huyu anafundishika Earthquake, tetemeko la ardhi, lenye nguvu 100. Si la aina yake, kwa hiyo haongezewi kitu, ila mwamba huumizwa nalo maradufu: 200. Nyoka yule yule, adui yule yule, 30 kwa 200. Kwa hiyo shikeni cha kwenu kwa nguvu zote, lugha yenu, kazi ya mikono ya wazazi wenu, halafu tafuteni kimoja cha ugenini kitakachowafaa siku mkikutana na jiwe.

Nacho hicho hakiokotwi njiani. Katika toleo la kwanza diski ya kufundishia Earthquake ilikuwa moja tu, imefichwa ghorofa ya 10 ya jengo la Silph Co. katika mji wa Saffron, na ikitumika mara moja imekwisha. Ukimpa nyoka, humpi mwingine. Toleo la Black na White la mwaka 2010 ndilo lililofanya diski hizo zitumike tena na tena. Ada ya shule, wajukuu zangu, ni diski ya zamani ile. Mzazi anayo moja. Aliyepewa ajue kuna ndugu yake aliyekosa.

Zilikuwapo pia mbinu ambazo zikiingia hazitoki. Strength, nguvu za kusukuma majabali, ilikuwa mojawapo. Katika gemu ya kwanza ukishampa nyoka, ataishi nayo, na nafasi moja kati ya nne imefungwa. Mwaka 1999, katika Gold na Silver, ndipo alipotokea mzee mmoja katika mji wa Blackthorn awezaye kuifuta. Hapa duniani wazee wa namna hiyo ni wachache. Sahihi kwenye mkataba, picha uliyoirusha mtandaoni usiku ukiwa na hasira, neno ulilomwambia mama yako: vipimeni kabla havijaingia, kwa maana baada ya hapo mtabaki kuishi navyo.

Sasa nisikilizeni kuhusu Toxic, diski anayoitoa Koga, bwana wa sumu wa mji wa Fuchsia, ukimshinda. Sumu ya kawaida katika toleo la kwanza hula sehemu moja kati ya 16 ya uhai kila zamu, na haipandi. Toxic huanza na moja hiyo hiyo, kwa hiyo aliyepigwa hashtuki. Zamu inayofuata inakula mbili, kisha tatu, kisha nne, kisha tano. Jumlisheni wenyewe: zamu tano, sehemu 15 kati ya 16 zimekwenda. Ya sita haivuki. Huo ni mkopo wa simu, ule wa kubofya na pesa ikaingia papo hapo: wiki ya kwanza unacheka, wiki ya tano unajificha simu ikiita. Na dawa yake kwenye gemu ni nini? Kumtoa mpiganaji uwanjani. Katika toleo la kwanza akishatoka, sumu inayopanda inageuka kuwa ya kawaida. Bado inauma, lakini haikui tena. Mkiona jambo linaongezeka kila zamu, iwe deni, kamari au chupa, msisubiri mshinde kwanza. Tokeni uwanjani.

Nakuja kwenye hili la kutaka kukua, ambalo ndilo ugonjwa wenu. Nyoka akifika leveli ya 22 anaanza kumetameta ageuke Arbok, na nyote mnashangilia. Lakini kuna kitufe, B, ukikibonyeza anabaki mdogo. Kwa nini mtu afanye hivyo? Kwa sababu mdogo hujifunza mapema. Katika toleo la kwanza Ekans anapata Glare leveli ya 24. Arbok hadi 27. Screech, 31 kwa 36. Tindikali, 38 kwa 47, tofauti ya leveli tisa nzima. Aliyeharakisha ukubwa atayapata yale yale, ila atayangojea muda mrefu zaidi, tena akiwa ameshabeba majukumu ya mkubwa. Ndiyo maana nawaambia msikimbilie kuitwa baba fulani na mama fulani mkiwa hamjashika kazi. Ya utotoni hujifunzwa utotoni kwa bei nafuu.

Ila nisije nikaeleweka vibaya. Kukaa mdogo nako kuna hasara. Katika toleo la kwanza Arbok alimzidi Ekans kwa 25 katika kila kipimo: uhai kutoka 35 hadi 60, shambulio kutoka 60 hadi 85, kasi kutoka 55 hadi 80. Na katika Diamond na Pearl za 2006, meno ya moto, ya barafu na ya radi anayo Arbok peke yake, mdogo hayapati. Kwa hiyo anayebonyeza B ajue anangojea nini. Kama unangojea tindikali, ikija tu, kua. Kijana wa miaka thelathini na ushei anayeishi kwa mama yake bila kujua anangojea nini amekishika kitufe tu, basi.

Kuna jambo dogo mnalipuuza. Ekans alipatikana katika toleo la Red. Mwenye Blue, toleo pacha, hakumwona porini hata azunguke vipi. Ilimbidi atafute rafiki, waunganishe mashine zao kwa waya, wabadilishane. Watungaji walifanya hivyo kwa makusudi. Nafasi zako ni nne, na za rafiki yako ni nne. Chagueni marafiki wanaojua msichokijua, kisha waheshimuni kwa hicho.

Mwisho, lipo moja la kiooni ambalo nawakataza kulileta nyumbani. Kwenye gemu ile ya kwanza dawa ya sumu iliuzwa dukani kwa 100, unapaka, safari inaendelea. Nyoka wa kweli si hivyo. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, kwa sababu inaua na kulemaza watu wa vijijini huku wakubwa wakitazama pembeni. Mwenzenu akiumwa, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mvueni pete na bangili kabla hajavimba, mkimbizeni hospitali. Na huyo nyoka msimfukuze ili mkamwoneshe daktari. Hatuhitaji wagonjwa wawili.

Basi, kabla hamjarudi kwenye simu zenu, kila mmoja anieleze mambo manne anayoyashika mwaka huu. Asiyeweza kuyataja anajaziwa na wengine. Na anayetaja saba atuambie matatu yapi yatafutwa, kwani mtaka yote hukosa yote. Mungu awakuze kwa wakati wake, awape macho ya kuona cha kushika, na moyo wa kuachia cha kuachia. Haya, nani anaanza?