Dada Naye Ni Mtoto wa Mtu

Mama anauza dagaa Mwigobero, baba anaendesha hiace ya Musoma–Bunda, mtoto anabaki na dada aliyeletwa kutoka kijijini huko Butiama. Mara nyingi dada mwenyewe bado mtoto. Simlaumu mama, dagaa hawasubiri. Lakini Kant anakataza kumfanya mtu chombo tu, na Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum (1891), alitaka watoto wasiingizwe viwandani kabla miili na akili zao hazijakomaa. Kufua, kupika na kubeba mtoto tangu alfajiri kuna tofauti gani na kiwanda? Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Nyepesi, jamani! Tuliolelewa na dada, tunajua aliachia darasa la ngapi?