Na utafiti nao tuutembelee

Matembezi ya hisani tumeyazoea. Barabara inafungwa Jumamosi asubuhi, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anapunga bendera, na ikifika mchana tunatangaziwa kiasi kilichopatikana kwa ajili ya vitanda vya wodi ya wazazi au mashine za watoto njiti. Mlima Kilimanjaro nao una wapandaji wake wa hisani. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, huendesha upandaji wa kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Machi 2009 watu mashuhuri wa Uingereza, akiwamo mwimbaji Gary Barlow, walifika kileleni na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 3, lengo likiwa vyandarua vya kuwakinga watu na malaria. Vyote hivi ni vitu vya kushikika, na vinapendeza kwenye picha. Ni nadra kuona fulana iliyoandikwa kwamba pesa zitakwenda kwenye utafiti wa maambukizi yanayoua watoto, na kwa maoni yangu utafiti ulistahili fungu lake zamani.

Chukua mtoto anayefikishwa hospitali akiwa na homa kali, anahema haraka, miguu ya baridi. Muuguzi anambonyeza ukucha mpaka unakuwa mweupe, anauachia, anahesabu. Rangi ikichelewa kurudi kwa sekunde 3 au zaidi, ni dalili kwamba damu haizunguki sawasawa. Kwa miaka mingi tiba iliyokubalika, hasa katika nchi tajiri, ilikuwa kumtundikia dripu na kummiminia maji mengi kwa haraka. Nani angelipinga hilo? Mtu angeandaa matembezi ya kununulia chupa za dripu, tungechanga bila kuuliza. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, ndio waliouliza. Waliwafuatilia watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ya Muheza, na 2011 wakatoa matokeo: kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, ilhali kati ya wale ambao hawakumiminiwa walifariki kama 7. Majaribio yalisitishwa kabla hata idadi iliyopangwa haijatimia. Tiba iliyotolewa kwa nia njema kabisa ilikuwa inaua, na kuiacha hakukugharimu hata senti.

Atatokea wa kusema kwamba watoto wanakufa leo, tuwanunulie chandarua leo, utafiti utasubiri. Hoja hii ina uzito, nami sitaki mtu apunguze hata chandarua kimoja. Lakini hicho chandarua chenyewe tunakiamini kwa sababu kilipimwa. Miongoni mwa majaribio yaliyothibitisha kazi yake ni yale ya Kilifi, yaliyochapishwa 1996, ambako vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa karibu theluthi moja. Ukiutoa utafiti huo, kinachobaki ni kitambaa na matumaini.

Mwingine atauliza vijisenti vya matembezi vitafanya nini mbele ya majaribio ya mamilioni ya dola. Jibu liko Marekani ya 1938, wakati polio ilipokuwa ikilemaza watoto na taasisi aliyoianzisha Rais Franklin Roosevelt ikawaomba wananchi senti kumi kumi. Bahasha za sarafu zilimiminika Ikulu. Michango ya namna hiyo, miaka nenda miaka rudi, ndiyo iliyogharimia kazi ya Jonas Salk na majaribio makubwa ya 1954, na Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo inafanya kazi. Wengi wa waliotuma zile sarafu za mwanzo walikuwa na watoto waliokwisha kuwa watu wazima chanjo ilipofika.

Kwamba huu ni wajibu wa serikali, sibishi. Viongozi wa Afrika waliahidi wenyewe kule Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na wanastahili kukumbushwa kila mwaka. Ila wakati tunasubiri, swali la dripu ya mtoto wa Muheza limelipiwa na walipa kodi wa Uingereza, kupitia baraza lao la utafiti wa tiba. Tuwashukuru. Hata hivyo, anayelipa ndiye anayeamua lipi litangulie kuulizwa, na mzazi anayenong'ona kwamba damu ya mwanawe inachukuliwa na watafiti kwa faida ya wageni hatatulizwa na vipeperushi. Atatulia zaidi akijua kwamba pesa zimo za jirani yake, na kwamba ana haki ya kuulizia matokeo.

Kuna dosari moja ambayo sina jibu la kuipangua. Upandaji wa mlima ni ghali, na sehemu ya pesa huishia kwenye ada za hifadhi, chakula na mahema. Isitoshe, mpagazi aliyebeba kilo 20 za mizigo ya wahisani hapewi hata fulana. Kwa hiyo waandaaji waandike kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa tarakimu, kiasi gani ni gharama za safari na kiasi gani kitafika kwa watafiti, halafu waongeze sentensi ambayo matangazo ya hisani huiogopa: kwamba jibu linaweza kuwa "dawa hii haisaidii". Matokeo yakishapatikana, yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kliniki ya watoto, pale mama zao wanapopanga foleni, kabla hayajasomwa kwenye mikutano ya hotelini.