Simba Aliyevuka Ukuta ni Deni la Nani?



Kila mara tunapopata habari kwamba mnyama mkali ameuawa karibu na makazi ya watu, sisi tulio ughaibuni huwa wepesi wa kuhukumu. Askari walikuwa na haraka gani? Wanakijiji wale hawana huruma? Mbona hawakumchoma dawa ya usingizi? Maswali hayo si mabaya, ila yanaanzia mwisho wa hadithi. Mimi ni mhandisi, na katika kazi yetu daraja likianguka hatumhoji dereva wa lori la mwisho peke yake. Tunarudi kwenye michoro. Basi leo naomba turudi kwenye michoro ya visa viwili, kimoja cha hapa Ohio ninakoishi, kingine cha kwetu Kenya.

Tarehe 18 Oktoba 2011, nje ya mji wa Zanesville, mwenye shamba mmoja aliyekuwa akifuga wanyama wakali alifungua vizimba, akawaachilia wanyama wapatao 50, kisha akajiua. Jioni ilikuwa inaingia. Kufikia siku ya pili, zaidi ya wanyama 40 walikuwa wameuawa kwa risasi, wakiwemo chui milia 18 na simba 17. Sita tu walikamatwa hai na kupelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Columbus. Watu wengi waliwalaani polisi. Lakini dawa ya usingizi haifanyi kazi papo hapo. Huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo mnyama anaweza kutokomea gizani au kumrukia aliyemchoma. Chui milia mmoja alichomwa, na badala ya kulala akakurupuka, ikabidi apigwe risasi.

Katika kisa hiki mchoro mbovu unaonekana waziwazi. Mtu mmoja alitaka raha ya kumiliki simba, na hatari yake akawagawia majirani ambao hawakuwa na faida yoyote, na ambao walikuwa wamekwisha kulalamika kabla ya siku hiyo. Mchuma janga hula na wa kwao. Baada ya hapo sheria ziliamka. Mwaka 2012 Ohio ilipitisha sheria ya kumtaka mfugaji wa wanyama wa aina hiyo awe na kibali na bima, na Desemba 2022 serikali kuu ya Marekani ikaweka sheria ya kuwazuia watu binafsi kufuga simba, chui milia na jamii yao majumbani. Nyuma ya sheria hizo naona kanuni moja ya maadili ambayo sidhani kuna msomaji atakayeipinga: anayemfaidi mnyama ndiye abebe hatari yake.

Sasa twende nyumbani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu. Upande wa jiji ina ua, lakini upande wa kusini iliachwa wazi kwa makusudi. Nyumbu na pundamilia wana desturi ya kutoka wakati wa mvua kwenda nyanda za Athi-Kaputiei, na kurudi wakati wa kiangazi. Simba huwafuata. Mwezi Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita walioingia kwenye mifugo yao. Tarehe 30 Machi 2016, askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk, huko Isinya, baada ya kumjeruhi mtu.

Ukiuliza hapa nani alifungua kizimba, hupati jibu. Simba wa Kitengela hakuwa na kizimba. Alikuwa na njia, na njia hiyo imezibwa kidogo kidogo na watu ambao kila mmoja ana hati yake halali mkononi. Familia za Kimaasai zilizouza ardhi zilikuwa na karo za kulipa na wagonjwa wa kutibu, na haki ya kuuza ni yao. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua. Nani kati yetu angekataa mnunuzi kwa ajili ya dola 4?

Wanunuzi ni nani? Ni watu wa Nairobi, na ni sisi. Mara nyingi nimeombwa na ndugu wa huku niwatazamie ramani ya ploti ya futi 50 kwa 100. Ekari moja hutoa kama ploti nane za namna hiyo. Mwenye ploti hana nauli ya kwenda kujenga mwaka huu, kwa hiyo anatuma pesa za ukuta kwanza ili wajanja wasimwibie, na ndani ya ukuta hakuna hata banda la kuku. Ukiwa na kuta mia za namna hiyo, nyumbu hapiti tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu waliohesabiwa katika nyanda zile walizidi 20,000. Kufikia miaka ya 2010 walikuwa wamebaki elfu chache. Simba aliyekosa nyumbu atakula mbuzi.

Msomaji ataniuliza, kwani ukuta wangu wa ploti moja ndio uliomuua simba? Hapana. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haihusu akiba peke yake. Deni la Zanesville lilikuwa na jina la mtu mmoja, ndiyo maana lilikuwa rahisi kulihukumu. Deni la Kitengela limegawanywa kwa maelfu ya watu, na fungu la kila mmoja wetu ni dogo kiasi kwamba halimnyimi usingizi. Lakini deni likigawanywa halifutiki. Anayenyimwa usingizi ni mchungaji wa pale, ambaye hakununua ploti wala hauzi tiketi za watalii.

Naomba nieleweke. Simba akishaingia katika boma la watu, mtu ni kwanza, na sitamlaumu mama aliyepiga yowe au kijana aliyeshika mkuki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na familia nyingi zimesubiri malipo hayo kwa miaka. Saa ile ya hofu si saa ya falsafa. Uamuzi wa maadili ulifanyika mapema zaidi, mahali penye utulivu, mtu alipokuwa anatia saini.

Kwa hiyo nasema tuanzie hapo. Tukinunua, tuulize kama ardhi iko kwenye mapito ya wanyama, na kama iko, tutafute kwingine karibu na mji. Ploti isiyojengwa inatosha kuwekewa alama za mipaka; ukuta ungoje nyumba. Na waliokwisha kujenga wanaweza kumsaidia jirani mfugaji kuimarisha boma lake kwa waya wa matundu na taa.

Nasema taa kwa sababu. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kusini mwa mbuga hiyo, aliona kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alichukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akazifanya taa ziwakewake usiku kuzunguka boma. Simba walikaa mbali, na majirani wakamwomba awafungie na wao. Mtoto yule alibeba fungu kubwa kuliko lake, kwa vyuma chakavu. Sisi wenye mishahara ya dola tunaweza kubeba letu, na kabla ya kutuma malipo ya mwisho tumuulize wakala swali moja: ukuta huu utaziba njia ya nani?