Kumshukuru Tusiyemlipa

Tarehe 13 Septemba 2025, Super Mario Bros. ilitimiza miaka 40. Nintendo ya Kyoto, Japani, iliitoa mwaka 1985. Waliobuni ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki ni wa Koji Kondo. Fundi bomba mwenye masharubu anavuka ngome 8 akimtafuta binti mfalme, na katika 7 za mwanzo anakuta aliyefungwa ni mwingine. Gemu nzima, hatua zote 32, ina kilobaiti 40 tu. Picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi.

Je, sisi wa Majengo, Mpanda, tuna haki ya kuisherehekea?

Nauliza kwa sababu enzi zile, Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, gemu hii haikufika kwetu kwa mkono wa Nintendo. Ilifika kwenye kaseti feki, zenye lebo iliyoahidi maelfu ya michezo, kumbe ni ileile michache iliyobadilishwa majina. Tulimlipa mwenye kibanda, naye alimlipa mwenye duka, mwenye duka akamlipa aliyeleta mzigo. Kila mtu alipata chake, isipokuwa waliobuni.

Wengi husema hakuna aliyepoteza. Nintendo haikuwa na duka Mpanda, na mtoto mwenye shilingi mia asingeweza kununua kaseti halisi hata kama ingekuwepo. Huwezi kumpunguzia mtu mauzo ambayo hakuwa nayo.

Nakubali. Ila hoja hiyo inahusu hasara, haihusu deni. Chukua mtoto aliyejifunza kusoma kwa kusimama nje ya dirisha la darasa. Mwalimu hakupoteza hata chaki. Hata hivyo, mtoto huyo akikua na kukutana naye njiani, atamwamkia, "Shikamoo, mwalimu," na tutamshangaa asipofanya hivyo. Unaweza kudaiwa na mtu ambaye hukumpunguzia kitu.

Na hoja ya "hakuna aliyepoteza" haikuishia kwenye kaseti. Leo kijana anarekodi wimbo hapahapa Majengo, kisha anausikia kwenye bodaboda na saluni, watu wamewekeana kwenye flashi. Akilalamika anaambiwa, "Si unapata jina, mdogo wangu? Kwani tungeununua?" Jina halinunui unga. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, lakini hakuna askari atakayesimama kwenye kila flashi. Linabaki suala la dhamiri ya msikilizaji.

Mpaka ninaouona ni huu: pasipo na njia ya kulipa, deni linabaki kuwa shukrani. Njia ikipatikana, shukrani peke yake haitoshi. Mtoto wa kibandani hakuwa na njia ya kufika Kyoto. Msikilizaji wa leo ana simu yenye pesa mkononi, na mwimbaji anakaa mtaa wa pili. Kumjibu kwa hoja ya mtoto yule ni kuvaa nguo iliyokwisha kutubana.

Dawa ya deni ni kulipa, na si lazima malipo yarudi kulekule yalikotoka. Nintendo haina haja na shilingi mia yangu ya zamani. Kwa hiyo nasherehekea miaka 40 ya Mario kwa kupiga mluzi wa muziki wa Kondo, na kwa kununua wimbo wa jirani.