KARAMU YA KUMUAGA BINTI: NANI ALIPE?



Neno tunaloleta mbele yenu leo limetoka katika mabaraza ya familia zetu. Mahari imekwisha kupatanwa, ng'ombe au dola zimetolewa, kikwembe cha mama na kostimu ya baba vimepokewa, siku ya kwenda mbele ya leta na siku ya kubarikiwa kanisani zimewekwa. Halafu inaonekana karatasi nyingine. Ni karatasi ya sherehe ya kumuaga binti: viti, hema, vyombo vya muziki, mchele, nyama, vinywaji, nguo za sare za dada zake na rafiki zake. Karatasi hiyo inapelekwa kwa nani? Mara nyingi inapelekwa kwa kijana. Wazazi wa binti wanasema, «Yeye ndiye anayemchukua mtoto wetu.» Upande wa kijana wanajibu, «Sisi tumekwisha kutoa.» Tangu hapo watu waliokuwa wakiitana wakwe wanaanza kuitana wadeni.

Tusidhani kwamba ni jambo dogo la vyakula. Ndoa inaahirishwa mwezi, halafu mwaka. Kijana na binti wanachoka kungoja, wanaanza kukaa pamoja chumba kimoja, mtoto wa kwanza anazaliwa, wa pili anafuata, na baraka ya Kanisa bado. Ukiwauliza kwa nini, hawasemi kwamba wanaidharau ndoa. Wanasema, «Papa, hatujapata pesa za sherehe.» Basi tuangalie vizuri ni nani aliyewafungia mlango.

Kwanza tuseme habari ya sheria, maana wengine wanachanganya. Sheria ya Familia ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inataka kijana na jamaa yake wapatane na wazazi wa binti juu ya mahari. Mahari ina nafasi katika sheria. Karamu haina. Afisa wa leta hatauliza kama mlikula kuku. Hata mchungaji hatauliza. Kwa hiyo anayeitaka karamu asiseme kwamba ni lazima ya ndoa; aseme kwamba ni furaha yake, na furaha ya mtu hailipwi na jirani.

Sasa tufungue Kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, kwa sababu hapo tunaona binti akiagwa. Mtumishi wa Abrahamu alifika kwa nyumba ya Betueli pamoja na ngamia wake na watu wake. Nani aliyewalisha? Ni watu wa nyumba ya binti. Labani alileta maji ya kunawa miguu, majani ya ngamia na chakula cha watu. Mtumishi kwa upande wake alikataa kula mpaka aseme neno lililomleta, na walipokwisha kupatana, akatoa fedha, dhahabu na mavazi kwa Rebeka, na vitu vya thamani kwa kaka yake na mama yake. Ndipo wakala na kunywa. Angalieni, ndugu: zawadi zilitoka upande wa mume, chakula kilitoka upande wa mke, na hatusomi popote kwamba Labani, ijapokuwa alikuwa mtu wa kupenda mali, alimhesabia mtumishi majani ambayo ngamia walikula usiku ule.

Asubuhi jamaa walitaka binti akae nao kwanza, hata siku kumi. Mgeni akawaomba wasimkawize. Nao walifanya nini? Walimwita Rebeka mwenyewe, wakamwuliza kama anakubali kwenda. Akakubali. Wakamwaga kwa baraka, wakampa mlezi wake afuatane naye. Ndiyo kuaga kwenyewe. Baraka haikuhitaji kukodi kitu. Na sisi twauliza: katika mabaraza yetu, ni mara ngapi binti anaulizwa kama anataka sherehe hiyo? Tunawajua mabinti ambao wangefurahi kuipokea ile pesa kama sufuria, magodoro na mashini ya kushona.

Kuna wanaosema kwamba katika Maandiko bwana arusi mwenyewe alifanya karamu. Ni kweli. Samsoni alifanya karamu kule Timna, maana vijana walikuwa na desturi hiyo. Lakini someni Waamuzi 14 mpaka mwisho. Waliletwa vijana thelathini wa kukaa naye, na Samsoni, kwa kujitapa mbele yao, akaahidi mavazi thelathini kama wataweza kufumbua kitendawili chake. Hakuwa nayo mavazi hayo. Siku ya saba deni likamfikia, naye akateremka Ashkeloni, akaua watu thelathini, akachukua nguo zao, akalipa. Kisha akaenda kwa baba yake na hasira, na mke wake akapewa mtu mwingine. Hivi ndivyo inavyokuwa kijana anapobebeshwa mzigo wa kupendeza macho ya watu: atalipa, lakini tuulize alikotoa. Wengine wanatoa katika sanduku la kazi. Wengine wanakopa kwa watu wa riba, na mwezi wa kwanza wa ndoa mke anaona mwenye deni anabisha mlango kabla ya uji kuiva.

Na Labani je, alipomwoza Yakobo? Yeye mwenyewe aliita watu wa mahali pale akafanya karamu. Yakobo alikuwa ametumika miaka 7, na Labani hakumwambia aongeze mwaka wa nane kwa ajili ya nyama. Katika jambo hilo alifanya sawa. Lakini usiku ule ule alimdanganya, akamwingiza Lea mahali pa Raheli. Kwa hiyo ninyi wazazi mnaolipa, msifikiri kwamba kulipa kunawapa ruhusa ya kufanya mnavyotaka na ndoa ya watoto.

Tena mtume Paulo anawaandikia Wakorinto, waraka wa pili, sura ya 12, kwamba wazazi ndio wanaowawekea watoto akiba, wala si watoto kuwawekea wazazi. Sisi tunaona kwamba neno hilo linatosha kumaliza shauri. Binti anaagwa na waliomzaa. Wanaomuaga ndio wenye karamu, na mwenye karamu ndiye anayenunua unga. Upande wa kijana unakuja kama wageni. Wakileta katoni ya sabuni au mbuzi, ni shukrani, wasipoleta, wasisemwe. Na kama wazee wanataka kijana asaidie, waseme siku ile ya kupatana mahari, iandikwe katika karatasi ile ile, ihesabiwe ndani yake. Kuongeza fakitire ya pili kisha mkono umekwisha kupeanwa si mila ya babu zetu, ni biashara.

«Lakini sisi ni maskini,» atasema mzazi. Basi karamu iwe ya maskini, haya iko wapi? Bugali, sombe na ndagala vimelea watu wakubwa katika inchi hii. Kanisa letu limekwisha kukataza pombe na dansi, na hapo tayari nusu ya hesabu imeondoka. Ajabu ni kwamba wengine wanairudisha kwa kukodi sale kubwa na kushona nguo ambazo zitavaliwa mara moja. Na yule mjomba aliye Ulaya, ambaye anapiga simu na kuagiza sale fulani kwa sababu ya heshima ya jamaa: mjomba, tunakupenda, tuma pesa ya sale.

Juu ya michango, tuna neno pia. Sisi ni watu wa nsinsani. Tunajua kutoa kwa furaha, kundi kwa kundi, na hekalu la Nkamba lililofunguliwa mwaka 1981 lilijengwa kwa matoleo ya waamini. Lakini nsinsani inatolewa mbele ya wote, inahesabiwa, na kila mtu anatoa kile alicho nacho. Karneti ya sherehe inayopitishwa nyumba kwa nyumba na jina la mtu limekwisha kuandikwa pamoja na kiasi chake, hiyo ni kodi. Mama mjane anayeuza makala sokoni asiandikiwe dola 10. Kamati ihesabu kwanza kile kilichopatikana, ndipo iandike majina ya wageni. Siku hizi tunaita watu 300, halafu tunatafuta chakula.

Kwa binti yatima, mamama wa parokia ndio wazazi. Wao watamkalisha, watamfundisha, watampikia, na mashemasi watatoa katika sanduku la msaada kile kinachohitajika. Familia ya mume isidaiwe kitu.

Na wale ambao wanakaa pamoja tangu miaka, na watoto, kwa sababu ya sherehe iliyokosa pesa, tunawaomba wasingoje tena. Wafike kwa mchungaji wao kabla ya mwisho wa mwezi. Wazazi wa pande mbili wafike pamoja nao, na ile karatasi ya pili mkononi, ili ipasuliwe pale.