Vespa ya Elfu Kumi na Nane

Maalim wa kisa hiki alikuwa akikaa Fuoni na kusomesha hesabu Bububu. Kwa asiyeijua Unguja, hiyo ni safari ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na katikati yake kusimama Darajani juani ukigombania nafasi na wachuuzi wenye matenga. Mwisho akachoka, akaamua kununua vespa. Hela ya kununua mpya hakuwa nayo. Akatafuta iliyotumika, na kama wengi wanaoanza kutafuta chombo kilichotumika, akajiwekea sharti moja tu: isiwe imekwenda sana.

Ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa ya mzee mmoja wa Mpendae, mstaafu wa bandarini. PX 150, rangi ya samawati iliyopauka, kiti kimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyengine. Mita ilisoma 71,306. Maalim aliiona namba ile kabla hajamaliza kuitikiwa shikamoo yake, na kuanzia hapo alikuwa akisikiliza kwa adabu tu.

Mzee hakuificha. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule lenye madoa ya mafuta, akalifungua juu ya kiti. Kila ukurasa una tarehe, kilomita, na kilichofanywa. Kwenye 46,000 iliwekwa silinda mpya na pistoni yake. Kwenye 63,000 injini ilipasuliwa, zikabadilishwa beringi na oili sili zote mbili za krenki. Plagi, nyaya, tairi, vyote vimeandikwa.

"Halafu, mwanangu, pampu ya oili niliitoa," alisema mzee. "Zikichakaa hazina uaminifu. Nachanganya mwenyewe. Lita moja ya petroli, mililita ishirini za oili. Siku ukisahau, usiwashe."

Akataka shilingi 1,400,000. Maalim akashukuru, akasema atarudi inshaallah, ile inshaallah ambayo wote wawili waliifahamu.

Alilolisikia Maalim pale ni kwamba chombo kimechoka, injini imeshapasuliwa, pampu imeshang'olewa, na juu ya yote kila ukitia mafuta uwe na kipimo mkononi kama mfamasia. Hakusikia kwamba aliyekuwa akizungumza naye alikuwa akimpa maisha yote ya injini ile, kwa maandishi, bila ya kuulizwa. Watu wa namna ile ni wachache sokoni. Na injini yenyewe, ukiitazama vizuri, haikuwa ya kilomita 71,000 hata kidogo. Silinda ilikuwa na 25,000, krenki imefungwa beringi zenye 8,000. Kilichokwenda elfu sabini ni bodi na jina.

PX ni chombo cha kufunguliwa na kufungwa. Piaggio walianza kuiunda Italia mwaka 1977, na miaka ya 1980 kiwanda cha LML cha Kanpur, India, kikawa kinaunda za muundo huohuo. Injini ni ya stroku mbili, haina mnyororo, tairi la nyuma limeshikwa na giaboksi moja kwa moja, na fundi aliyezoea anaishusha injini nzima chini kwa muda mfupi tu. Ndiyo maana bado zinakwenda. Chombo cha aina hii hakifi kwa kilomita. Hufa kwa kutotazamwa.

Siku chache baadaye dalali mmoja wa Mwanakwerekwe akampigia simu. Ilikuwepo nyengine, PX vilevile, nyekundu inayong'ara kama tofaa la dukani. Mita: 18,240. Bei: 1,900,000.

"Maalim, hii ilikuwa ya mama mmoja," alisema dalali. "Akiendea sokoni tu, anarudi, anaifunika turubai. Oili inajichanganya yenyewe, wewe petroli tu. Kiki moja."

Na kweli, kiki moja ikawaka. Maalim hakuigusa injini kabla ya kuwashwa. Angeigusa angeikuta ya moto, maana dalali alikuwa ameshaizungusha mitaa miwili kabla hajafika. Ukienda kutazama chombo, sema mapema kwamba unataka kukiwasha kikiwa baridi, na ukifika tia mkono kwanza. Injini iliyochoka husema ukweli wake asubuhi.

Hesabu aliyoifanya Maalim kichwani ilikuwa hii. Yeye kwa mwaka atakwenda kiasi cha kilomita 10,000. Tofauti ya vespa mbili hizi ni kilomita 53,000. Basi kwa kuongeza 500,000 ananunua zaidi ya miaka mitano ya injini. Nani aikatae biashara hiyo? Akalipa.

Hesabu ambayo hakuifanya ilikuwa mbele ya macho yake, kwenye kadi. Chombo kiliandikishwa mara ya kwanza mwaka 2001, na ule ulikuwa 2019. Gawanya 18,240 kwa miaka kumi na minane, upate kilomita elfu moja na kidogo kwa mwaka, hata tatu kwa siku hazifiki. Na kadi yenyewe ilikuwa na jina la mwanamume. Mama wa sokoni hakuwemo humo kabisa. Simwiti dalali mwizi. Inawezekana alihadithiwa na yeye akahadithia. Lakini mwalimu wa hesabu aliyeshindwa kugawanya kwa kumi na nane hana wa kumlaumu sana.

Hebu tuizungumze hiyo mita, kwa sababu ndiyo iliyouza chombo. Katika PX inaendeshwa na kebo nyembamba inayotoka kwenye tairi la mbele, na huko chini kuna kigia kidogo kinacholika. Kigia kikilika au kebo ikikatika, mita inasimama na vespa inaendelea na safari. Wenye vespa wengi hawashughuliki kuitengeneza, kwa sababu haizuii kufika kazini. Isitoshe, mita za zamani zina tarakimu tano tu, zikifika 99,999 zinarudi kwenye sifuri na kuanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mita nzima hutolewa na kuwekwa nyengine iliyotoka kwenye chombo kilichogongwa, kazi isiyomaliza hata chai ya fundi. Kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa ya kweli, inaweza kuwa ya mita iliyokufa zamani, inaweza kuwa ya duru ya pili, inaweza kuwa ya vespa nyengine kabisa. Namba kubwa ndiyo ambayo hakuna mwenye haja ya kuizua.

Ushahidi upo kwingine. Upo kwenye mpira wa pedeli ya breki, unaolika upande ambao mguu wa dereva hukanyaga, na kwenye mkono wa kiki. Ya Maalim pedeli yake ilikuwa imebaki chuma kitupu. Chombo gani cha kilomita elfu kumi na nane kimemaliza mpira wa breki? Upo kwenye tundu la ufunguo, likiwa limelegea hadi ufunguo wowote unazunguka. Upo kwenye feni ya injini: ishike kwa mikono miwili uitikise juu na chini, ikicheza, beringi za krenki zimekwisha. Upo kwenye usukani: inua tairi la mbele lisiguse chini, zungusha taratibu, ukiuona unanasa katikati ujue beringi zake zimechimbika. Upo kwenye gia ya pili ukiwa unapanda mlima mdogo na kuipa mafuta. Ikiruka yenyewe, ule msalaba wa ndani unaoshika gia umelika, na kuubadilisha ni kuipasua injini yote.

Moshi nao una lugha. Stroku mbili ikiwashwa baridi hutoa moshi wa buluu kidogo, hilo si ugonjwa. Moshi mweupe mzito usiokwisha, na oili ya giaboksi inapungua bila ya kudondoka chini, maana yake sili ya upande wa klachi imekufa na injini inakunywa oili ya gia. Ikifa sili ya upande wa feni hakuna moshi. Injini inavuta upepo, mafuta yanakuwa mepesi, ukiachia mkono inaendelea kupiga kelele badala ya kutulia. Sili hiyo ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu ikifa pistoni inaungua kimyakimya.

Rangi mpya, kwangu mimi, ni sababu ya kuwa na wasiwasi, si ya kufurahi. Vespa haina fremu ya mabomba. Bati lenyewe ndilo mwili na mifupa, na kisiwani petu chumvi hailali. Beba sumaku ndogo. Ipitishe chini ya bati la kukanyagia na pembeni ya mguu wa kusimamishia. Inaposhika kuna chuma. Inapoteleza kuna puti iliyopakwa rangi.

Maalim hakuwa na sumaku wala fundi. Alikuwa na namba.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Alifika skuli mapema, akaanza kuwapa lifti wenzake. Mbele ya kiti kuna kijicho cha kioo kinachoonyesha oili iliyobaki ndani ya tangi lake. Kila asubuhi alikitazama, na kila asubuhi kilikuwa kimejaa vilevile. Akawasifia wenzake: chombo hiki hakili oili kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba oili isiyopungua ni oili isiyotumika.

Petroli aliyoikuta ndani ya tangi ilikuwa imeshachanganywa, na mmoja wa waliokuwa nacho kabla yake. Ilipokwisha, Maalim akaenda kituoni akajaza tangi, petroli tupu, kama alivyoelekezwa. Asubuhi ya pili yake, akiwa anakaribia Mtoni, injini ikaanza kulia sauti nyembamba, ikapoteza nguvu, kisha tairi la nyuma likajifunga ghafla. Vespa ikaserereka, ikamtupa pembeni ya barabara. Mungu alimsitiri, nyuma yake hapakuwa na daladala. Aliinuka na suruali iliyochanika goti na daftari za wanafunzi zimetawanyika majanini. Kwa faida ya mwengine: ukiisikia stroku mbili inalia namna ile, bana klachi hapohapo, tairi lizunguke. Maalim hakulijua hilo, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Fundi wa Amani aliipakua injini mbele yake. Mpira wa kupeleka oili kwenye pampu ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa waya, na kigia cha pampu hakimo. Kuna fundi aliyewahi kufanya vilevile alivyofanya mzee wa Mpendae, pengine kwa sababu zilezile nzuri, ila yeye hakuacha daftari. Kutoka hapo chombo kilipita mikono, na kila mkono ulisahau neno moja. Mpaka kinamfikia Maalim kimeshakuwa chombo cha kilomita 18,240, na chombo cha kilomita hizo nani atadhani kimeng'olewa pampu?

Fundi akatoa kichwa cha silinda, akaipangusa pistoni kwa kitambaa chenye petroli, akamwita.

"Maalim, njoo usome hapa. Macho yako mazuri kuliko yangu."

Kwenye uso wa pistoni paligongwa 58.4.

"Ikitoka kiwandani ni 57.8," alisema fundi. "Silinda ikilika tunaichonga, tunatia pistoni kubwa zaidi kwa nukta mbili. Hamsini na nane. Halafu hamsini na nane nukta mbili. Halafu hii. Imechongwa mara tatu, na baada ya hii haichongwi tena."

Hakusema kilomita ngapi, wala Maalim hakuuliza. Silinda haichongwi mara tatu kwa safari za sokoni.

Bili ilikuwa silinda na pistoni mpya, sili mbili, beringi za krenki kwa kuwa zilishafunguliwa, na ule msalaba wa gia. Ukiijumlisha na bei ya dalali, Maalim alikuwa amelipa kiasi ambacho kwa mzee wa Mpendae kingemletea vespa na bado akabaki na akiba. Aliwahi kurudi huko, kwa aibu kidogo. Mzee akamkaribisha kahawa, akamwambia ile ilichukuliwa na kijana anayeuza mkate asubuhi, na daftari alimpa.

Siku ya kuchukua chombo, fundi alimpa masharti. Silinda ni mpya, isikimbizwe. Oili mililita ishirini kwa kila lita, kipimo hiki hapa, kiwe ndani ya boksi la mbele daima. Usipakie mtu. Usipite mwendo wa hamsini, usiivute gia ya nne kwenye mlima, na ukifika kilomita elfu moja urudi niikaze kichwa na nimwage oili ya giaboksi.

"Nitajuaje zimefika elfu moja?" Maalim aliuliza. "Mita imesimama."

Fundi akacheka, akainama kutazama tairi la mbele. "Basi leo ndiyo siku ya kununua kebo," alisema. "Na kigia chake pia, hiki kimelika chote. Nenda Darajani, sema cha PX, usikubali cha Bajaj."