Wanangu, Hesabuni Kurasa Kabla ya Kununua Printa

Januari iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Buffalo, saa nne za usiku. "Shikamoo mjomba. Printa imegoma." Alikuwa anachapa fomu ya I-485, ile ya kuomba grini kadi, aiwahishe posta asubuhi kabla ya kuingia kazini. Ukurasa wa sita ulitoka na mistari myeupe iliyokata maneno katikati. Wa saba haukutoka kabisa. Kioo cha mashine kikaandika kwamba wino wa njano umekwisha. Fomu ni nyeusi tupu, haina hata nukta ya njano, na mashine imekataa. Nikamwambia alale, asubuhi aende maktaba. Akaenda, akachapa kurasa zote, lakini nusu siku ya kazi ilikwisha hapo na mshahara wake.

Nilikesha nikiwaza, maana si yeye peke yake. Mimi niko Louisville, kijana wangu yuko Columbus, mpwa yuko Buffalo, na katika nyumba zote tatu nimeikuta printa ya aina moja: ilinunuliwa kwa bei ya kutupa, ikachapa mwezi mmoja au miwili, sasa iko juu ya kabati inashika vumbi. Wanangu, fedha hizi mnazipata kwa zamu za usiku kwenye maghala. Siwezi kunyamaza nikiona zinavyomwagika.

Nasema kama mtu wa kazi hii. Kabla ya kuja Marekani nilikaa miaka 11 kwenye steshenari mjini Kigoma, nikichapa barua na kutoa kopi za vyeti. Mteja alilipa kwa ukurasa, kwa hiyo ilinibidi nijue kila ukurasa unanigharimu kiasi gani mimi mwenyewe. Mwenzetu asiyejua alifunga duka. Huku kila nyumba imegeuka steshenari, lakini mwenye kupiga hesabu simwoni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Printa ya bei poa ni chambo. Ndoana ni wino. Usiulize mashine ni dola ngapi. Uliza katriji yake ni dola ngapi na inatoa kurasa ngapi, kisha gawanya. Idadi ya kurasa hutangazwa na kampuni yenyewe, kwenye boksi au kwenye tovuti yake. Chukueni HP 67, katriji ninayoikuta sana majumbani mwetu: nyeusi ya kawaida inakadiriwa kurasa 120 hivi, na 67XL kurasa 240. Umbo la nje ni lilelile, wino wa ndani ndio umezidi. Tuseme umeinunua ile ndogo kwa dola 18: kila ukurasa umekula senti 15. Sasa I-485 moja ina kurasa zaidi ya 20, na kila mtu wa familia hujaza ya kwake. Familia ya watu sita imemaliza katriji nzima kwa fomu hizo tu. Mkimbizi hatozwi ada ya fomu hiyo. Wino anatozwa.

Linganisheni na printa ya leza ya rangi nyeusi pekee. Mashine yake ni ghali zaidi dukani, ndiyo maana vijana huipita. Lakini katriji ya tona ya Brother TN-760 inakadiriwa kurasa 3,000. Hata ukiinunua kwa dola 75, ukurasa ni senti mbili na nusu. Tena tona ni unga, haikauki. Zipo pia printa za tanki, kama EcoTank ya Epson iliyoingia Marekani mwaka 2015, ambazo unazijazia wino kutoka kwenye chupa. Kwa nyumba yenye watoto wa shule wanaotaka rangi kila wiki, hiyo ndiyo ningeichagua.

Kwa nini printa ya mpwa wangu ilikufa na hakuchapa hata kurasa 40? Baridi ya Buffalo inamfanya awashe hita tangu Oktoba mpaka Aprili, na hewa ya ndani hukauka kama ya jangwa. Wino wa maji hupita kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Printa ikikaa wiki tatu haijachapa, vitundu vinaziba. Ukiiwasha inajisafisha, na kujisafisha kwenyewe ni kumwaga wino kwenye sifongo iliyomo ndani. Kwa hiyo wino unakwisha na hakuna karatasi iliyotoka. Tena yeye alikuwa anaizima kwa kuchomoa waya ukutani. Izimeni kwa kitufe chake, ili kichwa cha wino kirudi kwenye kifuniko chake. Na kila wiki chapeni ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama hamna haja nao.

La kijana wangu wa Columbus lilikuwa jingine. Alijiunga na mpango wa kulipia kila mwezi, kampuni inamtumia wino kwa posta. Alipohama nyumba akaukatisha. Nilipomtembelea aliniwekea katriji mkononi: nzito, wino umo, na printa haiitaki. Katriji za mipango hiyo hufungwa kupitia intaneti pale malipo yanapokoma. Alidhani amenunua wino, kumbe alikuwa amelipia ruhusa ya kuchapa. Kwa anayechapa picha nyingi kila mwezi mpango huo unaweza kumfaa, kwa sababu hulipi kwa wingi wa wino bali kwa idadi ya kurasa. Kwa anayechapa mara moja moja, ni kodi ya bure.

Mnaniuliza kila siku kuhusu katriji zilizojazwa upya. Mimi nazitumia kwa barua na kazi za shule, ninanunua kwa muuzaji anayerudisha fedha, na risiti siitupi. Msitishwe kwamba waranti itakufa: sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti yako kwa sababu tu umetumia wino wa kampuni nyingine. Lakini someni boksi kwanza, msije mkauziwa mbuzi kwenye gunia. Printa za HP zilizosajiliwa kwenye mpango wa HP+, ambazo kwa kawaida jina la modeli huishia na herufi e, zinataka intaneti na wino wa HP maisha yao yote. Na mwezi Septemba 2016 wenye printa kadhaa za kampuni hiyohiyo walikuta katriji za kampuni nyingine zimekataliwa ghafla, kwa sababu ya programu iliyokuwa ndani ya mashine.

Vita hii ina historia jirani na kwetu. Kutoka hapa Louisville, saa moja na kidogo kwa gari, ni Lexington, nyumbani kwa kampuni ya printa ya Lexmark. Kampuni hiyo iliuza katriji kwa punguzo la asilimia 20 hivi, kwa sharti kwamba ukimaliza usimpe mwingine aijaze. Duka dogo la Charleston, West Virginia, liitwalo Impression Products, likazijaza likauza. Lexmark ikashtaki, wakafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Mei 2017 duka dogo likashinda: mwenye hataza akishauza kitu chake, haki ya hataza imekwisha. Jirani na Buffalo nako, mjini Rochester, Kodak ilijaribu njia ya haki mwaka 2007: printa ghali kidogo, wino mweusi chini ya dola 10. Wanunuzi hawakuwa wengi kiasi cha kuibeba; mwaka 2012 ikatangaza kuiacha biashara hiyo. Nalisikitikia sana jambo hilo. Watu walitazama bei ya mashine.

Nanyi makatibu wa makanisa na vyama vyetu, jihadharini na simu ya mtu anayejifanya ndiye "muuzaji wenu wa tona", akiuliza namba ya modeli ya mashine. Baada ya wiki linafika boksi msiloagiza, na ankara nene. Ni utapeli wa miaka mingi hapa. Bidhaa iliyoletwa kwa posta bila kuagizwa, kwa sheria ya Marekani, ni zawadi. Msilipe.

Kama huchapi hata kurasa kumi kwa mwezi, usinunue printa. Columbus ina maktaba, Louisville ina maktaba, Buffalo ina maktaba, na mpwa wangu sasa anachapa hukohuko. Wengine mlio na mashine ndani, leo mkitoka kazini ifungueni, msome namba ya katriji, mtafute kurasa zake, mgawanye. Kisha nipigieni mniambie mmepata senti ngapi.